Mzamiaji akipata shida chini ya maji: mwongozo wa kiongozi wa mbizi, Mombasa

Siku yangu ya tatu kuongoza kikundi nje ya mwamba wa Nyali, binti mmoja mwanafunzi alininyanyulia kidole gumba tukiwa mita 14. Kwa wapiga mbizi gumba juu lina maana moja tu: twende juu. Nikamshika jaketi (lile linalojazwa hewa ili mtu aelee), nikawakusanya wenzake watatu, tukapanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 za usalama, tukatoka. Botini ananiuliza kwa mshangao, "Kaka, mbona tumetoka mapema hivi?" Kumbe alikuwa ananiambia mambo poa. Lilikuwa gumba la kwetu, lile la makanga na la dereva wa tuktuk.

Mimi nilicheka. Waliolipia mbizi nzima hawakucheka. Tangu siku hiyo ishara za mkono nazifundisha ufukoni, kila mtu azirudie mbele yangu, na gumba nalitaja la kwanza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu shida nyingi nilizokutana nazo chini zilishuka na mtu kutoka nchi kavu. Mafua aliyoyaficha, mkanda mzito, aibu ya kusema anaogopa. Na shida moja peke yake mara nyingi inavumilika. Maski ikiingia maji, mtu anaitoa maji. Lakini maski ikiingia maji wakati hewa imebaki kidogo na mkondo unamsukuma, hapo una mgonjwa. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye jambo hilohilo: ikamate ya kwanza kabla haijaita ya pili.

(Mzamiaji ninayemsema ni wa mtungi na mapezi. Najua mjini ukitaja mzamiaji watu wanamfikiria kijana aliyejificha kwenye meli pale Kilindini.)

Mwongozo huu ni kwa mwenye cheti cha kuongoza tayari, kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 24801-3, au anayekaribia kukipata. Kozi ya uokoaji na ya huduma ya kwanza bado utaisoma kwa mwalimu, majini, tena na tena.

Ufukoni, kabla ya kugusa mtungi

Muulize kila mtu lini alizama mara ya mwisho, na wapi. Mwenye cheti cha miaka sita aliyezama mara nne zote Misri kwenye maji meupe hajawahi kuona maji yetu ya kusi, ambapo wakati mwingine huoni zaidi ya mita chache. Muulize kuhusu mafua, pumu, moyo, dawa, pombe ya jana na miraa ya leo. Maswali haya yaulize faraghani. Mwanamume hatakubali mbele ya mchumba wake kwamba anaogopa, na mzee hatataja presha mbele ya wanawe. Mchukue pembeni kama unamsaidia kuchagua mapezi, halafu uliza.

Kisha tazama. Anayepiga domo kuliko wote na aliyenyamaza kimya wote wawili waweke karibu nawe. Anayevua na kuvaa maski mara tano, anayeuliza kina kwa mara ya tatu, anayekwenda msalani kila dakika kumi: hofu hiyo. Mwambie wazi kwamba kuacha mbizi ni ruhusa, wakati wowote, bila kutoa sababu, wala hakuna atakayemcheka. Nimeona mabega ya watu yakishuka kwa kusikia hilo tu.

Vifaa nenda navyo haraka lakini usiruke. Kipimo kimoja nakishikilia sana: mwambie avute pumzi nne kwenye regulata (kifaa cha kupumulia mdomoni) huku ukitazama geji yake ya hewa. Sindano ikichezacheza au ikishuka kila anapovuta, mtungi haujafunguliwa sawasawa. Juu ya maji hewa itatosha. Kwenye mita 20 ataivuta na isije. Nimekuta hivyo mara kadhaa, na kila mara mwenyewe aliniapia kwamba amefungua.

Mkanda wa risasi, yale madini mazito yanayomsaidia kushuka, upime majini. Akiwa wima, jaketi halina hewa, ameshika pumzi ya kawaida, maji yamfike machoni. Akizama kama nanga, punguza. Mzito kupita kiasi hupiga mapezi safari nzima ili asizame, hula hewa, huchoka, na hapo ndipo mengine huanza.

Muulize nahodha

Jedwali la maji kupwa na kujaa unalo kwenye simu, lakini nahodha ana macho. Bamvua la mwezi mpya na mwezi mpevu hapa Mombasa hufanya tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya maji kupwa na maji kujaa. Maji yote hayo yaliyoingia ndani ya mwamba yanatafuta mlango wa kutokea, na mlango ndipo boti nazo hupita. Ukimshusha mgeni karibu na mlango maji yakiwa yanatoka, atachukuliwa nje pamoja na mchanga uliochafua maji. Siku za maji mafu ni rahisi zaidi, na kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ndiyo rafiki wa anayeanza.

Mimi huuliza tu, "Mzee, maji yaenda wapi?" Akisema "Yatoka, mwanangu, tena kwa nguvu," tunangoja au tunabadilisha mahali. Hakuna aibu.

Mkubaliane naye mambo matatu kabla hamjashuka: mtakuwa chini dakika ngapi, ukirusha boya la ishara maana yake nini, na mkichelewa dakika ngapi ndipo aite msaada. Nahodha aangalie mapovu, asivue samaki. Boya moja likitokea ni kikundi kinapanda. Mtu akitokea peke yake bila boya, amfuate huyo mara moja.

Masikio na maski

Shinikizo huongezeka maradufu kutoka juu hadi mita 10, kwa hiyo masikio huteseka zaidi pale mwanzoni kabisa, wakati kiongozi mpya ameshatangulia chini kuonyesha kasa. Shuka nao uso kwa uso. Waanze kufungua masikio wakiwa bado juu, kabla ya maumivu.

Akionyesha sikio na kutikisa mkono, msimamishe. Mpandishe mita moja au mbili, amemeze mate, abane pua na kupuliza polepole, ainamishe kichwa upande. Jaribu tena. Baada ya mara tatu au nne bila mafanikio, mbizi yake imekwisha leo. Hapa ndipo viongozi wengi hukosea: wanampa ishara apande peke yake ili wengine wasikose. Kama una msaidizi, apande naye hadi botini. Kama huna, mnapanda wote. Mwenye kulazimisha sikio anaweza kulipasua, na maji baridi yakiingia ndani atapata kizunguzungu asijue juu ni wapi.

Maski iliyojaa maji inastahili subira. Maji yakigusa pua, mwili wenyewe unakataa kuvuta pumzi, hata kama mdomoni kuna regulata nzima inayofanya kazi. Mtu anahisi anazama ilhali hazami. Utamjua: kichwa kinarudi nyuma, mikono inaenda usoni, mapezi yanaanza kupiga kuelekea juu. Una sekunde mbili hivi.

Mshike mkanda wa jaketi begani kwa mkono mmoja. Usivute, shika tu. Kiganja cha mkono mwingine weka juu ya regulata yake ili isitoke mdomoni. Mteremshe apige magoti kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Kama chini ni kina au ni matumbawe matupu, bakini mlipo, wewe ndiye sakafu yake. Hakuoni vizuri, lakini anahisi mkono. Pumua kwa nguvu na polepole ili asikie mapovu yako, afuate mwendo wake. Akitulia ndipo mwongoze kubana juu ya maski na kupuliza puani. Hata ikichukua dakika mbili. Wengine wakae wakitazama. Nao wanajifunza kwamba maji puani si mwisho wa dunia.

Soma mapovu

Anayepumua vizuri hutoa mapovu kwa mafungu, kukiwa na nafasi katikati. Anayehangaika hutoa mapovu mfululizo, madogo madogo, bila nafasi. Mara nyingi utayaona mapovu hayo kabla ya macho yake kukutoka. Hewa chafu imemjaa kifuani kwa sababu anavuta juujuu tu, na kadiri inavyomjaa ndivyo anavyohisi hewa haitoshi, akazidi kuvuta juujuu.

Mara nyingi chanzo ni mkondo. Anaogelea dhidi yake kufuata kikundi. Dawa yake ni moja: simama. Shuka naye karibu na chini, penye mkondo mdogo zaidi, nyuma ya jiwe au fungu la mwamba. Ashike jiwe lililokufa. Mpe ishara ya kutoa pumzi nje, ndefu, maana ndani tayari imejaa. Pumzi kumi. Kisha muulize kama yuko sawa, na usikubali jibu la haraka. Mkiendelea, endeleeni mkondo unakokwenda, boti itawafuata. Ndiyo maana ulizungumza na nahodha.

Asipotulia, pandeni. Ukiona anaanza kukohoa na kubanwa na pumzi bila kuchoka kwa kazi yoyote, hasa mtu mzima mwenye presha, usifikiri ni hofu tu. Mapafu yanaweza kujaa maji ya mwili kwa sababu ya mbizi yenyewe. Mtoe majini, mpe oksijeni, apelekwe hospitali.

Hewa: piga hesabu mapema

Chukua mtungi wa lita 12 uliobaki na baa 50 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini). Hiyo ni lita 600 za hewa. Mtu mtulivu akitumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 30 anatumia 80, kwa sababu shinikizo huko ni mara nne. Lita 600 zitampa dakika saba na nusu. Sasa mtie hofu: matumizi yake yanaruka mara mbili, lita 160 kwa dakika. Hazifiki dakika nne. Kupanda kutoka mita 30 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni zaidi ya dakika tatu, na bado hujasimama mita 5. Wakishiriki wawili mtungi huo, hesabu imeshawashinda.

Kwa hiyo baa 50 ni kiasi cha kufika nacho botini. Usisubiri mtu akuambie "nimebaki na 50". Uliza geji za wote dakika ya tano, ujue nani anakula hewa, kisha kila dakika chache. Kwenye mwamba wa mita 15 mimi hugeuza safari mla hewa akifika baa 100. Mbizi ya kina naigeuza mapema zaidi.

Hata hivyo siku itafika mtu akupige begani, mkono ukikata koo. Fuata hivi:

1. Mpe regulata. Ya akiba kama ataipokea, lakini ujue wengi hunyakua ile iliyo mdomoni mwako. Mwache aichukue, wewe tumia ya akiba. Usigombane naye.
2. Mshikane mkono kwa mkono, mkanda kwa mkanda. Asiweze kuondoka.
3. Tulieni pumzi mbili tatu. Tazama geji yako.
4. Wakusanye wengine kwa ishara, msaidizi akae nyuma yao.
5. Pandeni taratibu, ukitoa hewa kwenye jaketi lako na lake. Simama mita 5 ikiwa hewa inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, tokeni.
6. Juu, ajaze jaketi kwa mdomo. Mtungi wake hauna kitu, kitufe hakitamsaidia. Hapa ndipo watu husahau.

Regulata ikianza kumwaga hewa bila kusimama, bado inapumulika: alegeze midomo, avute anachohitaji, kingine kipite. Mtungi utakwisha haraka, kwa hiyo mpe ya akiba yako na mpande.

Dania

Meli ya MV Dania ilizamishwa mwaka 2002 iwe mwamba wa kutengeneza, nayo imelala kama mita 30 chini. Ni mbizi nzuri, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, maana kwenye kina hicho naitrojeni huanza kulevya. Mlevi wa kina hatapatapi. Anatabasamu. Anatazama geji kwa muda mrefu kama anasoma barua. Unamwuliza hewa, anakujibu sawa. Wengine hushikwa na hofu ghafla badala ya raha. Mimi huwapa hesabu kwa vidole: namwonyesha vitatu, anipe vinne. Akinirudishia vitatu, au akichelewa, nampandisha mita tano au kumi na ulevi huondoka wenyewe. Kuingia ndani ya meli kwa asiyefunzwa, hapana, hata akisema rafiki yake aliingia.

Anayepaa, na aliyepotea

Kitufe cha kujaza jaketi kikinasa kwa chumvi na mchanga, jaketi hujaa na mtu anapaa. Ukiwa karibu, mshike, chomoa kwanza bomba linaloingiza hewa, kisha fungua vali ya kutolea. Ukianza na vali wakati hewa bado inaingia, utashindwa. Mfanye ajilaze, mapezi yapanuke, atoe pumzi mfululizo. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo mapafuni hupanuka maradufu. Aliyeshika pumzi anaweza kupasuka mapafu.

Akishakuponyoka mita kadhaa, usimkimbize. Najua inauma. Lakini una wengine chini, na wewe ukipaa naye boti itakuwa na wagonjwa wawili na kikundi kisicho na mwenyewe. Pandeni kwa mwendo unaofaa, nahodha atakuwa ameshamwona.

Mtu akipotea, tazama huku na huku, juu pia, tafuta mapovu, gonga mtungi. Dakika moja, kwa saa. Kisha wote juu. Hili liambie kikundi ufukoni, ili na aliyepotea naye afanye vivyo hivyo. Nyavu zilizotupwa zikimnasa mtu, asijizungushe. Wewe ukate kwa mkasi, ambao kwenye nyuzi za nailoni hushinda kisu.

Juu ya maji

Wengi hupata hofu kubwa wakiwa wameshafika juu, mawimbi yakiwapiga usoni. Mfa maji hukamata maji, na akikupata wewe atakupanda kichwani. Simama mbali kidogo na mkono wake, mwite kwa jina, kwa lugha yake ukiweza: "Jaza jaketi! Achia risasi!" Asiposikia, zunguka nyuma yake, kamata vali ya mtungi, mbane mtungi kwa magoti, umjazie jaketi mwenyewe na umfungulie mkanda. Akikukamata mbele, zama kidogo. Hatakufuata chini, atakuachia.

Aliyezimia juu ya maji: mwelekeze uso juu, jaketi lijae, risasi zianguke, ita boti. Kama boti i karibu, mvute haraka. Boti ikiwa mbali nawe umefunzwa, mpe pumzi za kuokoa huku ukimvuta. Botini, kama hapumui, anza na pumzi, kisha migandamizo 30 kwa pumzi 2, bila kukoma.

Boti, oksijeni, simu

Mtu akitoka majini na ndani ya dakika kumi hivi akaanguka, akashindwa kusema sawasawa, au upande mmoja ukalegea, chukulia hewa imeingia kwenye damu na kufika ubongoni. Mlaze chali, au ubavu akiwa anatapika. Usimwinamishe kichwa chini. Oksijeni asilimia 100, mara moja, na usimrudishe majini kwa kisingizio cha kumgandamiza upya kwa shinikizo la maji.

Piga hesabu ya oksijeni kabla ya msimu. Mtungi wa lita 3 wenye baa 200 una lita 600. Kwa lita 15 kwa dakika ni dakika 40. Boti yako inachukua muda gani hadi ufukoni? Na gari, saa kumi na moja jioni, daraja la Nyali limeshikana? Mimi nilipopiga hesabu hiyo kwa saa mkononi, nilinunua mtungi wa pili wiki ileile.

Redio ni VHF chaneli 16. Kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji wa baharini kiko hapahapa Mombasa. Chumba cha shinikizo cha kutibu wapiga mbizi kwa desturi tunakitaja cha wanamaji Mtongwe, lakini usikitegemee kwa mazoea: mwanzoni mwa kila msimu piga simu uulize kinafanya kazi na daktari ni nani, na uwe na namba ya dharura ya bima ya mbizi ya kila mgeni. Kompyuta yake na vifaa vyake viweke kando jinsi vilivyo, usimwage mtungi wala kuosha regulata. Andika saa, kina, na baa zilizobaki ungali unakumbuka.

Aliyechomwa na samaki wa miiba ya sumu, kwa kifupi: tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasipite nyuzi 45, nusu saa hadi saa moja na nusu. Hospitali bado aende.

Usiku ule na kesho yake

Kuna kitu cha kwetu kinachosahaulika kirahisi. Mgeni wa Nairobi anamaliza mbizi saa tisa, anapanda treni ya usiku. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kwa mwili wake ni kama kupanda ndege: shinikizo hupungua, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu. Baada ya mbizi moja angoje angalau saa 12. Baada ya mbizi za siku kadhaa, saa 18 au zaidi. Mwulize tiketi yake ya lini siku anapojiandikisha, asije akakueleza akiwa amebeba begi.

Na jioni mpigie simu, hata kama mbizi ilikuwa shwari. Dalili za mapovu ya naitrojeni mara nyingi hujitokeza ndani ya saa sita, nyingine hadi siku nzima: bega linalouma, ganzi mkononi, vipele vinavyowasha, uchovu usio wa kawaida. Muulize kimoja kimoja, usiulize "uko sawa?" kwa sababu atakuambia yuko sawa. Atakuambia bega ni begi alibeba vibaya, ganzi ni kulalia mkono, uchovu ni jua. Usikubali begi. Muulize bega lilianza saa ngapi, kisha mwambie asilale bado, unakuja na oksijeni.